King'ora kikilia, sauti yafika wapi?

Tsunami ya Disemba 26, 2004 ilifika hadi Malindi, kwa hivyo suala la ving'ora vya tahadhari latuhusu. Muuzaji atakwambia chake kina desibeli 120. Muulize: kwa umbali gani? Marekani hupimia mita 30 hivi. Wapangaji wa huko hukadiria kuwa kila umbali unapoongezeka maradufu, desibeli 10 hupotea: mita 60 ni 110, mita 120 ni 100, na karibu kilomita moja zabaki 70 tu. Hapo aliye barazani atasikia. Aliyelala ndani ya nyumba ya mawe, feni ikizunguka, sidhani. Upepo wa kusi nao ukivuma, walio upande unakotoka hupata sauti hafifu zaidi. King'ora ni cha walio nje. Wa ndani huhitaji simu, redio, au jirani wa kuwagongea mlango.