Watano wa Mbele Wasioguswa na Kamera

Wakongomani wa Amerika Kaskazini tukianza kujisifu kwa mpira wa Kimarekani, jina la kwanza kutajwa ni Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Longueuil, ng'ambo ya mto kutoka Montréal. Tarehe 25 Novemba 1995, akiichezea Michigan, timu ya chuo kikuu, alikimbia na mpira yadi 313 dhidi ya Ohio State, waliokuwa hawajafungwa msimu mzima. Michigan wakashinda 31 kwa 23. Ndugu wa Kisangani mnaoniuliza mbona mchezo huu ni kusukumana tu, itafuteni video hiyo, kisha msimtazame Biakabutuka. Watazameni mapande ya watu watano walio mbele yake.

Hao ndio wanaofungua njia. Kati ya wachezaji 11 wa timu yenye mpira, watano hujipanga mstari mmoja mbele na kuwazuia wapinzani, ama mwenzao akimbie, ama kwotabeki, yule mrushaji, apate sekunde mbili tatu za kutafuta wa kumpasia. Kwa kawaida kanuni hazimruhusu mmoja wao kudaka pasi ya mbele. Ukimwondoa yule wa katikati anayeuanzisha mpira, wengine wanaweza kucheza miaka kumi bila kuushika. Golikipa akiokoa penalti Stade Lumumba huko Kisangani, mashabiki humbeba mabegani. Huyu wetu wa mstari wa mbele akizuia mara sitini hakuna anayehesabu. Ya sitini na moja ikimponyoka, jina lake linatangazwa nchi nzima.

Muulizeni Rees Odhiambo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1992, akahamia Texas akiwa mtoto, akachezea chuo cha Boise State, ambako majeraha yalimkatiza kila mara. Hata hivyo Seattle Seahawks, timu ya ligi ya kulipwa ya Marekani, walimchukua mwaka 2016 katika raundi ya tatu ya uteuzi wa wachezaji wapya, akiwa wa 97. Alikuwa na kilo zaidi ya 140. Januari 2017, kwenye mechi ya mtoano huko Atlanta, aliingizwa badala ya mwenzake aliyeumia. Akirudi nyuma kumlinda kwotabeki Russell Wilson, alimkanyaga mguu. Wilson akaanguka ndani ya eneo la mwisho la timu yake mwenyewe, Atlanta wakazawadiwa pointi mbili, na Seattle wakaishia kufungwa 36 kwa 20. Mashabiki wengi walimfahamu Odhiambo kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa kisigino chake.

Msimu uliofuata, mlinzi wa kushoto wa Seattle aliumia goti kabla ligi haijaanza, na Odhiambo akapewa nafasi hiyo. Si nafasi ndogo. Kwotabeki wengi hurusha kwa mkono wa kulia, kwa hiyo upande wa kushoto ndio mgongo wao, na anayewajia kutoka huko hawamwoni. Odhiambo alianza mechi saba. Baada ya moja, dhidi ya Indianapolis, alilazwa hospitali kwa pigo la kifua. Wiki iliyofuata alikuwa uwanjani tena. Kisha tarehe 29 Oktoba wakacheza na Houston, ambao mlinzi wao wa kushoto alikuwa mkongwe Duane Brown. Kesho yake Seattle wakamchukua Brown kutoka Houston. Mtu uliyemwona jana upande wa wapinzani, leo amekaa kwenye kiti chako! Mwaka 2018 Seattle walimwacha Odhiambo, na miaka yake katika ligi haikuwa mingi tena.

Nalisimulia hili kwa sababu huku ughaibuni tunahesabu mkataba kama mshahara wa serikali. Sivyo. Kwa mchezaji wa kawaida, sehemu kubwa ya fedha zilizoandikwa haina dhamana: klabu ikimwacha, inakoma. Timu inabaki na wachezaji 53, na kila Aprili vijana wapya wanateuliwa, wenye nguvu zaidi na bei nafuu zaidi.

Wapo wanaodumu. Mmoja wa watano waliomfungulia Biakabutuka njia, Jon Runyan, aliteuliwa raundi ya nne mwaka 1996, mwaka uleule Carolina Panthers walipomchukua Biakabutuka akiwa wa nane. Majeraha yalimtoa mkimbiaji wetu mwaka 2001. Runyan alicheza hadi 2009, kisha akachaguliwa mbunge wa New Jersey katika Bunge la Marekani.

Na wapo waliodumu kupita kiasi. Mike Webster alikuwa mchezaji wa katikati wa Pittsburgh Steelers, misimu 17 jumla akiongeza ya Kansas City, na bingwa mara nne. Alikufa mwaka 2002 akiwa na miaka 50, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa, wakati fulani akilala ndani ya gari lake. Aliyeuchunguza ubongo wake ni daktari Mwafrika, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria. Aliona ndani yake uharibifu unaotokana na kugongwa kichwa tena na tena, ugonjwa unaoitwa CTE, na mwaka 2005 akauchapisha pamoja na wenzake. Ligi ilipinga kwa miaka. Wachezaji wa mstari wa mbele hugongana karibu kila mpira unapoanza, mazoezini na kwenye mechi. Si lazima pigo moja kubwa; madogo yanajumlishana.

Pamoja na hayo, ligi sasa inawatafuta vijana wakubwa nje ya Marekani, na imekwisha kufanya majaribio Afrika. Mfano wao mkubwa ni Jordan Mailata, Mwaustralia aliyecheza ragbi tu. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2018 karibu na mwisho wa uteuzi, wakamfundisha ulinzi wa kushoto tangu alifu, na Februari 2025 alishinda ubingwa nao. Maskauti wakifika Makiso au Mangobo, mitaa ya Kisangani, siku moja, watakaomwendea kijana wa mita mbili na mabega mapana hawatampa kazi ya Biakabutuka. Watamweka mbele yake.