Kijumba Nyuma ya Jiko

Nyuma ya jiko la bibi, karibu na shina la mchikichi, palikuwa na kijumba kilichonifika kiunoni nilipokuwa mtoto. Miti minne, paa la nyasi, mlango usio na ubao. Sanamu haikuwemo. Mlikuwa na mawe matatu, chungu kilichomeguka mdomo, na juu ya jiwe la kati alama ya mpemba, ule udongo mweupe ambao bibi aliufunga fundo kwenye pindo la kitambaa. Humo ndimo alimokaa bibi yake. Sisemi alimozikwa, kaburi lake liko juu milimani, upande wa Itombwe. Nasema alimokaa.

Kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, kabla ya kulima shamba jipya, mtoto anapoumwa homa isiyoisha, mwindaji anaporudi na mnyama, au binti anapoposwa, mwenye kijumba alikwenda kusema nacho. Nimemwona bibi mara nyingi. Hakupiga magoti wala hakufumba macho. Alichuchumaa kama anayeongea na jirani, akamimina kasiksi, pombe yetu ya kienyeji, kwenye kibuyu, akaonja yeye kwanza ili anayekaribishwa ajue haina sumu, kisha akamwaga kidogo mbele ya jiwe na kuweka donge la bugali. Baada ya hapo alianza kugomba. “Wewe unakaa hapa, unakula, unakunywa, watoto wanaumwa, nawe unaangalia tu?” Nilishtuka siku ya kwanza. Nilidhani wafu huombwa kwa sauti ya chini. Kumbe ndugu hugombezwa, na anayegombezwa bado ni ndugu.

Watu wanaponiuliza kama Babembe, watu wetu, walikuwa na mungu wa kike, najikwaa kwenye lugha kwanza. Kiswahili hakisemi kama Mungu ni mume au mke. Tunasema “yeye”, basi. Na Abeca Pungu, jina ambalo Babembe humwitia Muumba, halikujengewa kijumba nyuma ya jiko la mtu. Waliojengewa ni wazee, waume kwa wake, wenye majina yanayojulikana na wajukuu wanaoweza kuwataja. Lakini ukipanda kaskazini, ukivuka Bushi na Ziwa Kivu hadi Rutshuru, Rwanda ya kaskazini na Kigezi ya Uganda, utamkuta mwanamke ambaye hakuwa bibi wa ukoo mmoja, naye alijengewa karibu kila mahali: Nyabingi.

Jina lake mtu wa Fizi analisikia bila mkalimani. Sisi tunaosema “bintu bingi” tunajua kuwa Nyabingi ni mwenye vingi: mwenye watoto, mifugo na mavuno. Wapo waliosimulia kwamba alikuwa malkia wa zamani, wengine wakasema alikuwa mjakazi, na kila upande ulikuwa na hadithi yake. Ila juu ya nyumba yake hawakutofautiana. Katika ua wa mji palisimama kibanda kidogo kiitwacho indaro, neno linalotoka kwenye kitendo cha kulala. Ni malalo, mahali mgeni anapopitisha usiku. Watu walimpelekea pombe, nyama, hata mbuzi, na watumishi wake, wanaume na wanawake, walisema kwa niaba yake.

Vibanda hivyo vya nyasi viliwatia wakoloni hofu. Muhumusa, aliyejitangaza kuwa mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda, aliwakusanya watu kwa jina la Nyabingi mpakani mwa Rwanda na Uganda. Waingereza walimkamata mwaka 1911, wakamweka Kampala, na huko akakaa hadi kufa kwake mwaka 1945. Mwaka 1917 watu wa Nyakishenyi, huko Kigezi, waliinuka tena kwa jina lilelile. Katika miaka ya 1930 jina hilo lilivuka bahari hadi Jamaika, na leo ngoma za ibada za Warasta zinaitwa kwa jina la mwanamke huyu wa milima yetu. Napenda kukumbuka kwamba safari yote hiyo ilianzia kwenye kibanda kidogo cha nyasi.

Kaskazini kibanda kilitia hofu; upande wetu wa Fizi tulipoteza sanamu na barakoa. Babuyu, majirani zetu wa kusini-magharibi, walichonga sanamu za wazee wao, wenye ndevu na macho makubwa, wakaziweka ndani ya vibanda. Babembe nao walikuwa na barakoa ya 'alunga, yenye nyuso mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, na juu yake manyoya na miiba ya nungu. Nyingi zimeishia Ulaya na Marekani. Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwetu miaka ya 1950, alitoa kitabu mwaka 1981 juu ya sanamu za wawindaji waliotangulia Babembe, na namshukuru kwa kuandika. Lakini kuona mzee wa watu amesimama ndani ya kabati la kioo, bila wa kumwonjea pombe, kunaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwaka 1996 vita vilipoingia tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi. Katikati ya maji bibi alifungua fundo, akatwaa mpemba kidogo, akaurusha ziwani. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba Mwingereza Cameron, alipopita Tanganyika mwaka 1874, aliona waongoza njia wake wakitupa shanga majini kwenye rasi ya Kabogo, ng'ambo ya Tanzania, ili mzimu wa pale awapishe. Bibi hakumjua Cameron. Alijua tu kwamba huwezi kupita mlangoni pa mtu bila kubisha hodi.

Tulifikia kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, Tanzania. Miaka yote ya kambini fundo lile halikufunguliwa tena. Nilimuuliza kwa nini hajengi, nyasi zipo na miti ipo. Alinijibu kwa utani wake wa kuniita mume: “Bwana yangu, hapa ni kwa watu. Mimi mwenyewe nimekaribishwa, nitamkaribisha nani?” Nikaelewa kwamba kijumba hutaka ardhi ambayo mtu ameirithi, au walau amelima na kuzika ndani yake.

Meli zilianza kuturudisha Baraka, kwetu Fizi, mwaka 2005. Zamu yetu ilipofika, tulikuta kiwanja kimekuwa kichaka na nyumba imebaki alama ya msingi. Mchikichi ulikuwepo. Bibi alihesabu hatua kutoka shinani, akafyeka, akachimba kwa jembe hadi akagonga jiwe, kisha la pili. La tatu hatukuliona, tukaleta jingine kutoka ufukweni. Mjomba alitaka kuezeka kwa kipande cha turubai la HCR, shirika la wakimbizi, kama tulivyoezeka sisi. Bibi alikataa katakata. “Hema ni la mkimbizi. Huyu hajakimbia.” Tukaenda kukata nyasi.

Bibi alikuwa Mkristo, asiyekosa ibada ya Jumapili. Siku moja alikuja mhubiri kijana, akamsihi kwa machozi achome kijumba kile kwa kuwa ni maskani ya mapepo. Simlaumu, alimpenda na aliihofia roho yake. Bibi alimpa kiti, akampa maji, akamwambia kwamba amri ya kuwaheshimu wazazi haikuweka mpaka wa kaburini. Kijana aliondoka bila kukubali. Wiki iliyofuata alirudi kumsalimu, wala hakulitaja tena jambo lile.

Bibi amefariki, na mawe sasa ni manne. La nne ni dogo, shangazi amelipaka mpemba kutoka kwenye fundo lilelile. Mara ya mwisho nilipokwenda nilipeleka ndakala wa kukaanga, aliowapenda. Shangazi alichuchumaa, akaonja kasiksi, akamwaga, akaweka samaki juu ya jani la mgomba. Kisha akajikohoza, akashika kiuno kama alivyokuwa akishika bibi, akaanza kumgomba: mvua zimechelewa, muhogo umeoza, na huyu mume wako wa mjini haji mpaka aitwe.