Jinsi Marekani Ilivyofupisha Safari

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: mkataba, mfereji, waya, reli. Tutayakuta yote katika somo la leo.

Tuanze na vita. Mwaka 1812 Marekani na Uingereza zilianza kupigana. Tarehe 24 Desemba 1814 wajumbe wao walitia sahihi mkataba wa amani katika mji wa Ghent, ambao sasa uko Ubelgiji. Lakini habari hiyo ilisafiri kwa merikebu ya matanga, ikitegemea upepo. Tarehe 8 Januari 1815, kabla habari haijafika, majeshi yalipambana New Orleans, kusini mwa Marekani. Kwa upande wa Waingereza peke yao, watu kama 2,000 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Amani ilikuwa imekwisha kuandikwa, lakini waliopigana hawakuwa na habari. Barua ilifika Marekani mwezi wa Februari.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya nchi ile kubwa: watu wa bendera moja, lakini neno la huku lilichelewa kufika kule. Basi walifanya nini?

Kwanza walichimba mfereji. Mkulima wa karibu na Ziwa Erie aliweza kuvuna ngano nyingi, lakini kupeleka tani moja New York kwa magari ya farasi kuligharimu kama dola 100. Mwaka 1817 kazi ya kuchimba Mfereji wa Erie ilianza, ikaisha mwaka 1825. Urefu wake ulikuwa maili 363. Mtauliza, maji hupandaje mlima? Walijenga vyumba 83 vya maji, kila kimoja na milango yake. Mashua huingia, mlango hufungwa, maji huongezwa, nayo huinuka, kama mashua iliyopwelewa inavyoinuka maji ya bahari yakijaa. Gharama ya tani moja ikashuka mpaka kama dola 10. Ngano ikashuka New York, na majembe na nguo zikapanda kwa wakulima.

Pili, walitandika waya. Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alipeleka habari kwa simu kutoka Washington mpaka Baltimore, kama maili 40. Simu hiyo haikuchukua sauti. Nguvu ya umeme ilipita katika waya kwa vipindi vifupi na virefu, na kila herufi ilikuwa na alama zake. Aliyejua alama aliandika maneno upande wa pili papo hapo. Mwaka 1860 vijana wapanda farasi walikuwa wakipokezana barua kutoka Missouri mpaka California kwa siku kama 10, na watu walistaajabu. Lakini Oktoba 1861 waya ulifika California, na kazi ya wapanda farasi hao ikakoma.

Tatu, reli. Kampuni mbili zilijenga kutoka pande mbili, moja ikitoka mashariki na nyingine magharibi. Upande wa magharibi maelfu ya Wachina walipasua milima ya mawe kwa baruti, na wengi walikufa. Tarehe 10 Mei 1869 reli hizo zilikutana Promontory, Utah. Safari ya miezi kwa magari ya ng'ombe ikawa ya siku kama saba kwa garimoshi. Na habari ya kukutana kwao? Ilienea nchi nzima kwa simu siku ile ile. Kumbukeni askari wa New Orleans.

Lakini, wasikilizaji, njia haimfai kila mtu sawasawa. Wenyeji wa asili wa mbuga zile, kama Walakota na Wacheyenne, waliishi kwa nyati: nyama kwa chakula, ngozi kwa mavazi na mahema. Garimoshi lilileta walowezi na wawindaji, likachukua ngozi kwenda kuuzwa. Kufika katikati ya miaka ya 1880 nyati walikuwa karibu kwisha, na wenyeji walikuwa wamenyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yao. Hata wakulima waliofurahia reli walilalamika kwamba kampuni ziliwatoza nauli kubwa ya mizigo, mpaka serikali ikatunga sheria ya kuzisimamia mwaka 1887.

Kwa hiyo njia na simu ziliwaunganisha wengi, na wengine ziliwafukuza kwao. Anayejua kusoma na auchunguze mkataba wa njia kabla haijapita mlangoni pake.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Kwa nini watu walipigana New Orleans baada ya mkataba kutiwa sahihi?
2. Mfereji ulimsaidiaje mkulima?
3. Ni nani waliopata hasara kwa sababu ya reli, na kwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.