Khabari za Miguu Kuvimba kwa Wazee Wetu Wakati wa Mchumo



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, Katibu hupokea maombi ya kamba, ya majamvi, ya magunia na ya fedha za kuwalipa wachumaji. Msimu uliopita yalikuja na maneno ya namna nyengine, tena kwa sauti ya chini: mzee fulani hawezi tena kukaa penye kuchambua kwa kuwa miguu yake imejaa, bibi fulani makubadhi hayamwingii, mwengine amekatazwa na watoto wake asende shamba. Wenye mashamba katika Chama chetu aghlabu ni watu wa makamo na waliokwisha kupita makamo. Kwa hivyo Kamati imeona kurasa za toleo hili zipewe jambo hilo, na khabari za miche zingoje toleo lijalo.

Kwanza yafaa tujue maji hayo yatoka wapi. Damu hushuka miguuni kwa wepesi, lakini kurudi kwenye moyo ina kazi, maana yapanda mlima. Ndani ya mishipa inayoirudisha mna vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, na tafu la mguu kila tunapopiga hatua hujikaza likaikamua damu ipande. Mtu akizeeka vilango hivyo hulegea. Na akikaa kitako saa nyingi bila kujongea, tafu halifanyi kazi, damu hutuama, na majimaji hupenya nje ya mishipa yakajaa chini ya ngozi penye vifundo.

Sasa itazameni kazi yetu. Karafuu zilizochumwa mchana hapana budi zichambuliwe mapema, zisije zikavunda. Vijana hukwea na kushuka, viungo vyao haviishi kutembea. Wazee na akina mama ndio wanaokaa jamvini, miguu imenyooshwa au imekunjwa, tangu baada ya magharibi mpaka saa tano au sita za usiku, makonyo huku na karafuu kule, wala hawainuki illa kwa haja. Lau mtu angetaka kubuni kazi ya kuvimbisha miguu, sidhani kama angeipata iliyo kamili kuliko hii.

Uvimbe wa namna hiyo una dalili yake, nasi tunaosali tunayo njia nyepesi ya kuupima. Tazama miguu yako unapotawadha kwa sala ya magharibi, kisha itazame tena unapotawadha alfajiri. Ikiwa jioni imejaa sawasawa yote miwili na alfajiri imepungua, yaelekea ni uchovu wa mishipa na kukaa sana. Ikiwa alfajiri iko vile vile, au uvimbe wapanda siku hata siku kutoka vifundo kwenda muundini na magotini, hilo si la kungojea msimu uishe. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kadiri ya kuhesabu kumi. Pakibaki shimo, ni maji, nawe umwambie daktari tangu lini.

Maana miguu mara nyengine hubeba khabari za mahali pengine. Moyo uliochoka hauisukumi damu vya kutosha, na maji yakajaa miguuni. Mwenye moyo huo huhema akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila taabu, hutaka mito miwili au mitatu usiku apate kupumua, na uzito wake waweza kuongezeka kilo mbili kwa siku tatu, ingawa hajala zaidi. Huyo asilazwe chali miguu juu kwa kudhani kuwa ndiyo dawa, apelekwe hospitali. Figo zikiharibika uso nao huvimba asubuhi, na mkojo huweza kutoa povu. Ini likiharibika, tumbo nalo hujaa.

Liko moja ambalo ningependa kila mwanachama alisome mara mbili. Mguu mmoja ukivimba ghafla, tafu likauma na kuwa na moto, usiite mkandaji. Najua desturi yetu: mguu ukiuma, huitwa mtu mwenye mkono mzuri, hutiwa mafuta, ukachuliwa mpaka jasho likatoka. Lakini huenda ndani ya mshipa damu imeganda, na kuuchua waweza kulibandua donge hilo likapanda mpaka kwenye mapafu. Mtu akashikwa na kifua, akakosa pumzi, na akafa siku hiyo hiyo. Mguu wa namna hii hupelekwa Chake Chake, Wete, Micheweni au Mkoani kwa gari ya mwanzo ipatikanayo, hata ikiwa karafuu zimeanikwa na mvua yaja.

Khabari ya dawa nayo ni nzito, kwa kuwa wazee wetu wengi wanameza dawa za presha. Iko moja iitwayo amlodipini, nayo ni dawa nzuri, lakini kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo, khasa ikiwa kipimo ni kikubwa. Anayeona hivyo asiiache kwa rai yake. Mzee mmoja wa huku kwetu aliiacha, miguu ikanywea, akafurahi, akawaambia na wenziwe. Mwezi wa pili alipooza upande wa kulia, na leo karafuu zake zachambuliwa na wajukuu. Daktari angeweza kumpunguzia kipimo au kumbadilishia dawa. Pia zimo dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo msimu ukiingia hununuliwa dukani kama peremende kwa ajili ya migongo na magoti. Dawa hizi huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na huzitesa figo. Mzee mwenye presha, moyo au figo asizimeze kila siku bila kuuliza. Wengine wamepewa vidonge vya kukojosha, nao huviruka siku ya safari ya mjini kwa kuchelea kukosa choo njiani. Aibu hiyo naifahamu. Lakini muulize daktari kama waweza kukimeza ukisharudi nyumbani, usikiache siku nzima. Na kabla ya Ramadhani wenye dawa hizi waende wakaulize mapema, si usiku wa mwandamo.

Wako wanaoficha miguu yao kwa kuogopa kuambiwa wana matende. Si kila mguu uliovimba ni matende. Na matende yenyewe si uchawi wala laana. Ni vijidudu vya mnyoo vinavyoletwa na mbu, na mbu wetu wa usiku huzaana katika maji machafu ya mashimo ya vyoo. Kule Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo hayo yalimiminiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, mbu wakakosa pa kutaga. Tangu 2001 Zanzibar iligawa dawa kwa watu wa Unguja na Pemba, ivamektini na albendazoli, na maradhi yakapungua sana. Aliyekwisha kupata mguu mkubwa zamani, dawa hizo haziurudishi kuwa kama ulivyokuwa. Linalomfaa ni kuuosha kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vizuri baina ya vidole, kutibu kila mchubuko na kuuinua anapopumzika. Homa za mara kwa mara hupungua, na ngozi hupata nafuu.

Kwa wengine wetu tiba ni ya nyumbani. Lala mkekani, weka miguu juu ya mito au hata juu ya gunia la makonyo makavu, ipite kimo cha moyo, robo saa mpaka nusu saa, mara tatu kwa siku. Penye kuchambua, inuka kila nusu saa, tembea mpaka mwisho wa uwanja urudi. Na ukiwa umekaa chezesha nyayo juu na chini. Chumvi ipunguzwe. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema isizidi gramu 5 kwa siku, nayo ni kijiko kimoja cha chai pamoja na ile iliyomo ndani ya ng'onda na papa. Hapa ndipo wengi watakaponikasirikia, kwani chakula cha kambi za mchumo bila ng'onda ni chakula gani? Basi ng'onda aroweshwe, maji yamwagwe, na ndimu na pilipili zifanye kazi iliyobaki.

Mafuta ya karafuu nayo nimeulizwa mara nyingi, kwa kuwa ni fakhari yetu. Yanafisha ganzi, ndiyo, lakini hayatoi maji mguuni, na yakiwa makali huunguza ngozi iliyovimba, ambayo ni nyembamba. Tuyauze. Kufunga mguu kwa kitambaa cha kanga ukakaza pia si vyema. Soksi za kubana zipo na huwafaa baadhi ya watu, lakini daktari auangalie mguu kwanza, khasa wa mwenye sukari, maana mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa huoza. Mwenye sukari asende shamba miguu mitupu, na akitawadha atazame nyayo, kwani aweza kuchomwa na kijiti asihisi.

Kamati imekubali mabenchi yawekwe katika viwanja vya kuchambulia, na meza za kimo cha kiuno za kumwagia karafuu. Baadhi ya wazee wameshasema hawatakaa juu ilhali wenzao wako chini. Tunawaomba, kwa heshima zao, wawe wa kwanza kukaa, na wengine watafuata. Mwenye ubao au benchi asilolitumia alipeleke kwa karani wa tawi lake kabla ya kamba kugawiwa. Karani ataandika pia majina ya wanaotaka kupimwa presha na sukari, tuombe wote wapimwe siku moja kabla mchumo haujaanza. Wenye dawa waje na vikasha vyake, hata kama ni vitupu.

Katibu