Kununua Nyumba Budalang'i Pasipo Dalali

Anunuaye nyumba kwa mwenyewe huokoa ujira wa dalali, lakini kazi ya kupeleleza humwangukia yeye. Asitoe fedha upesi. Kwanza aende ofisi ya ardhi Busia, atazame daftari limemwandika nani. Kama ni nyumba ya mume na mke, sharti wote wawili wakubali. Tena, kwa sheria ya mwaka 1967, nyumba iliyo katika shamba la kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Ardhi, iombwe kabla ya miezi sita tangu mapatano. Ikikosekana, mapatano ni batili. Mwisho awaulize majirani: Mto Nzoia ulipofurika, maji yalifika wapi? Habari hiyo haimo katika hati, wala muuzaji huenda asiitaje.