Una gari la umeme? Zichague tairi zake kwa makini

KAMA familia yako ni miongoni mwa zile zilizoamua kuachana na petroli na kununua gari la umeme, bila shaka jambo la kwanza lililowafurahisha ni ule utulivu wake. Hakuna ngurumo ya injini alfajiri, hakuna moshi, na jirani hajui mmeondoka saa ngapi. Lakini baada ya muda utulivu huo huanza kuingiliwa na mvumo kama wa nyuki walio mzingani, unaozidi kila mnapoingia barabara ya Thika na kuongeza mwendo. Si betri hiyo, wala si mota. Ni tairi.

Na hayo si yote. Siku moja kijana anayeliosha gari anakuonyesha kuwa tairi za mbele zimeanza kuwa kipara, ilhali ulidhani zingali mpya. Unakwenda Kirinyaga Road kuulizia bei ya tairi nne kwa mpigo, na unachoambiwa kinakufanya ushike tama. Zile fedha ulizokuwa ukijivunia kuziokoa kwa kutonunua mafuta zinaanza kuyeyuka.

Je, tatizo ni gari? La hasha. Aghalabu tatizo ni kwamba gari la umeme limevishwa viatu vya gari la petroli, au limevishwa vinavyofaa lakini havitunzwi. Yafuatayo yatakusaidia kabla hujatoa pochi.

KWA NINI HUISHA MAPEMA

Jambo la kwanza ni uzito. Chukua mfano wa Nissan Leaf, mojawapo ya magari ya umeme yaliyoletwa humu nchini yakiwa yametumika Japani. Katika Leaf za mwanzo betri pekee ina uzito wa karibu kilo 300. Ndiyo sababu gari hilo lina uzito wa kilo 1,500 hivi, wakati Tiida, ambalo kwa macho halitofautiani nalo sana kwa ukubwa, ni jepesi kwa karibu kilo 300. Mzigo huo wote hubebwa na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono wako.

Jambo la pili ni nguvu za ghafla. Injini ya petroli huhitaji muda kidogo kukusanya nguvu zake. Mota ya umeme hutoa nguvu zake papo hapo unapokanyaga. Dereva anayependa kuchomoka kwenye taa za barabarani kabla ya matatu kumpita anazikwangua tairi zake kila asubuhi bila kujua.

Jambo la tatu ni breki. Unapoinua mguu katika gari la umeme, mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha umeme betrini. Breki zenyewe hudumu sana kwa sababu hiyo, lakini kazi ya kupunguza mwendo hufanywa na magurudumu yanayosukumwa na mota. Katika Leaf hayo ni ya mbele. Ndiyo yanayovuta gari, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayolizuia. Si ajabu basi kwamba hulika mbele ya wenzake.

KELELE HUTOKA WAPI

Tairi ya gari la umeme haipigi kelele kuliko nyingine. Tofauti ni kwamba hakuna injini ya kuifunika sauti yake. Kelele hizo ni za namna mbili. Kuna ile ya meno ya tairi yanapoipiga lami na hewa inapobanwa mifereji na kutoka. Watengenezaji stadi huipunguza kwa kuyafanya meno yasiwe na urefu mmoja, ili sauti zisilingane na kuwa wimbo mmoja mrefu. Halafu kuna ile ya hewa iliyomo ndani ya tairi, ambayo hutetema kama hewa ndani ya ngoma kila unapopita kwenye lami yenye kokoto kubwa.

Kwa ajili ya kelele hii ya pili, kampuni kadhaa hubandika sponji ndani ya tairi. Continental huziita tairi hizo ContiSilent, na Michelin huziita Acoustic. Sponji hiyo husaidia kweli, lakini usikimbilie kuinunua. Ukipata pancha, fundi hana budi kuikata sponji mahali penye tundu ndipo aweke kiraka, na si kila fundi wa kando ya barabara amewahi kuiona. Kwa mtu ambaye njia yake ya nyumbani imejaa mashimo na misumari, tairi nzuri isiyo na sponji huenda ikawa nafuu ya kweli.

Jihadhari pia na tamaa ya urembo. Ukibadilisha ringi na kuweka kubwa zaidi zenye tairi nyembamba ubavuni, gari litapendeza machoni, lakini kelele na mitikiso itaongezeka, na shimo moja tu laweza kupasua tairi na kupinda ringi.

JIFUNZE KUSOMA UBAVU

Wengi wetu tulikua tukiliona jina la Yana kwenye tairi. Kiwanda cha Sameer Africa kilichokuwa kikizitengeneza hapa Nairobi kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2016. Leo duka moja laweza kukuwekea mbele tairi za mataifa matano, nyingine zenye majina ambayo hujawahi kuyasikia. Usitegemee maneno ya muuzaji. Inama usome maandishi ya ubavuni.

Tuseme imeandikwa 205/55R16 91V, ukubwa unaopatikana kwenye Leaf nyingi. 205 ni upana kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 55 ya upana huo. 16 ni ukubwa wa ringi kwa inchi. Hapo ndipo wanunuzi wengi huishia, na hapo ndipo hukosea.

Ile 91 ndiyo nambari ya mzigo. Maana yake ni kwamba kila tairi yaweza kubeba kilo 615. Ukiona 94, ni kilo 670, na aghalabu tairi hiyo itakuwa na herufi XL, yaani imeimarishwa. Kwa magari mazito zaidi zipo zenye herufi HL mbele ya ukubwa. Usinunue kamwe tairi yenye nambari ya mzigo iliyo chini ya ile iliyoagizwa na mtengenezaji wa gari, hata ukipunguziwa bei nusu. Herufi V ni ya mwendo wa juu kabisa ambao tairi yaweza kustahimili, kilomita 240 kwa saa. Hutaendesha hivyo, lakini usiishushe herufi hiyo pia.

Kisha tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 3524 humaanisha tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka wa 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Hukauka, huwa mgumu, na hushika lami vibaya. Tairi iliyokaa stoo miaka minne si mpya, hata kama ingali na vinyweleo vyake.

Tairi nyingi zina neno Treadwear na nambari, mathalani 300 au 600. Ni kipimo cha Kimarekani cha uimara, na kubwa ndiyo inayotarajiwa kudumu zaidi. Lakini kumbuka kwamba kila kampuni hujipa nambari yenyewe baada ya majaribio yake. Kwa hivyo itumie kulinganisha tairi mbili za kampuni moja, si za kampuni mbili.

Zile zilizotengenezewa soko la Ulaya huja na karatasi yenye rangi, iliyoanza kutumika 2012 na kubadilishwa 2021. Huonyesha mambo matatu: jinsi tairi inavyoviringika kwa urahisi, jinsi inavyoshika lami yenye maji, na kelele zake kwa desibeli. Mawili ya kwanza hupewa alama kuanzia A hadi E. Tofauti ya desibeli 3 si ndogo. Ni sawa na kuongeza nguvu za sauti maradufu. Ila fahamu kwamba kelele hiyo hupimwa kando ya barabara, wala si ndani ya gari. Hivyo ichukulie kuwa dokezo tu.

USIUZE USALAMA KWA UIMARA

Hapa ndipo penye mtihani. Tairi ngumu hudumu, lakini ngumu kupita kiasi huteleza kwenye maji. Laini hushika vizuri, lakini huisha upesi. Inayoviringika kwa urahisi hukupa kilomita zaidi kwa chaji moja, lakini ikitengenezwa kwa bei ya chini, urahisi huo huenda umenunuliwa kwa kupunguza mshiko. Kampuni nzuri hupatanisha haya matatu kwa kuchanganya mpira na silika, ufundi ambao Michelin iliuleta sokoni mwaka wa 1992. Ndio unaolipiwa.

Kwa hivyo mvua za masika ziwe ndizo hakimu wako. Kama karatasi ya tairi inaonyesha A au B kwa lami yenye maji, endelea kuuliza uimara na kelele. Kama ni D au E, iache hapo hapo. Kimya cha safari hakina faida ikiwa gari halisimami mbele ya watoto wanaovuka barabara.

Si lazima tairi iwe imeandikwa kuwa ya gari la umeme. Zipo zilizobuniwa hasa kwa kazi hiyo, kama Hankook iON, na ni nzuri. Lakini tairi ya kawaida ya safari ndefu, yenye nambari sahihi ya mzigo na alama nzuri, yaweza kulihudumia gari lako vyema.

REJEA HESABU

Tuseme tairi moja inauzwa Sh9,000 na itakwenda kilomita 25,000, na nyingine ni Sh14,000 na itakwenda 50,000. Bei hizi ni za mfano tu. Nne za kwanza ni Sh36,000. Nne za pili ni Sh56,000. Machoni ya kwanza ni nafuu. Lakini katika kilomita 100,000 utazinunua zile za kwanza mara nne na kulipa Sh144,000. Za pili utazinunua mara mbili na kulipa Sh112,000. Tofauti ni Sh32,000, fedha ambazo mzazi wa mtoto wa shule anazijua thamani yake. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba rahisi ni ghali.

Onyo jingine kwa walionunua gari kutoka Japani: kagua kama tairi zilizokuja nalo zimeandikwa STUDLESS. Hizo ni za theluji. Mpira wake ni laini mno kwa lami yetu ya moto, huisha kama kifutio cha mwanafunzi, na hazifai kuachwa kwa sababu tu bado zina meno.

UTUNZAJI NDIO UIMARA

Tairi bora kabisa itakufia mapema ukiipuuza. Kwanza, upepo. Kijana wa kituo cha mafuta amezoea kujaza pauni 30 au 32 kwa kila gari. Mwonyeshe kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwenye magari ya Japani mara nyingi kimeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate pauni. 250 ni pauni 36. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Pili, zibadilishane nafasi, za mbele zirudi nyuma, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Zisipobadilishwa, meno hulika upande mmoja kama msumeno, na tairi iliyokuwa kimya huanza kuvuma. Pitisha kiganja juu yake mbele na nyuma. Ukihisi inakwaruza upande mmoja tu, umechelewa. Ukinunua mbili tu, mpya ziende nyuma, hata kama mota iko mbele, ili gari lisigeuke mkia kwenye maji.

Tatu, pima mwelekeo wa magurudumu kila baada ya kuingia shimo kubwa. Nne, simama karibu na fundi anapoinua gari. Betri iko chini ya sakafu, na jeki ikiwekwa ovyo yaweza kuibonyeza. Kuna sehemu maalumu pembeni zilizotengewa jeki. Kumbuka pia kwamba Leaf haina tairi ya akiba. Ina chupa ya gundi tu. Hakikisha ipo na haijapitwa na wakati kabla hamjafunga safari ya kwenda ushago.

Mwisho, angalia vijiti vidogo vilivyo ndani ya mifereji. Meno yakishuka hadi usawa wake, yamebaki milimita 1.6, na muda wa kuahirisha umekwisha.

Basi ukienda dukani nenda na karatasi yenye maswali manne: nambari ya mzigo ni ngapi, ilitengenezwa wiki gani, alama yake kwenye maji ni ipi, na kelele ni desibeli ngapi. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika. Anayesema "hizi zote ni sawa tu, mama" mwache na tairi zake, uende duka la pili.