Hifadhi zetu si Serengeti peke yake

Wiki hii nataka tuanze na neno moja tunalolitumia kila siku pasipo kulifikiri, nalo ni mbuga. Kwa asili mbuga ni uwanda wa nyasi, ardhi tambarare isiyo na miti mingi. Serengeti ni mbuga, hapo hakuna ubishi. Lakini sisi watu wa mjini tumelichukua neno hilo tukalibandika kila mahali penye lango na askari wa wanyamapori. Ndiyo maana utamsikia mtu akitaja mbuga ya Udzungwa, ambayo ni milima yenye msitu mzito. Mbuga ya Rubondo, ambayo ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria. Hata mbuga ya Kilimanjaro, kana kwamba kule kileleni kuna nyumbu wanachunga.

Jina lake la kisheria ni Hifadhi ya Taifa. Tanzania Bara inazo zaidi ya ishirini, chini ya shirika la TANAPA lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1959. Ndogo kuliko zote ni Saanane, kisiwa cha kilomita za mraba 2 na ushei, pua na mdomo na mji wa Mwanza. Kubwa kuliko zote ni Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Hiyo ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, na kuliko Burundi pia.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa mwananchi haruhusiwi kuishi, kulima, kuchunga wala kuwinda. Mgeni anaingia, anatazama, anapiga picha, anaondoka. Pori la Akiba ni jambo jingine, kwani humo uwindaji unaruhusiwa kwa leseni. Ngorongoro nayo si Hifadhi ya Taifa, ingawa kila mtu huitaja pamoja na Serengeti kama pacha. Ilitengwa mwaka 1959, ikapewa mamlaka yake, ili wafugaji na wanyama waishi pamoja. Kule Visiwani, Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004 na iko chini ya Serikali ya Zanzibar. Huko ndiko wanakoishi kima punju, ambao hawapatikani penginepo duniani isipokuwa Unguja na visiwa vichache walikopelekwa na binadamu.

Nimeyataja haya kwa sababu mabishano mengi tunayosikia juu ya hifadhi yanatokana na kudhani kwamba zote ni kitu kimoja na zinalinda kitu kimoja. La hasha.

Tuanze na hiyo Serengeti inayojulikana. Watalii huambiwa kwamba misafara ile ya nyumbu, zaidi ya milioni moja, ni jambo la tangu na tangu. Si hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa wakaonekana kuwa kama robo milioni tu. Kilichokuwa kikiwazuia kuongezeka ni ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ukafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Kila mwaka ndama wa nyumbu walikufa kwa wingi. Kisha mabwana mifugo wakachanja ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka Serengeti. Hawakumchanja nyumbu hata mmoja. Lakini ng'ombe walipopona, ugonjwa ukakosa pa kujificha, na kufikia mwaka 1963 ukawa umetoweka kwa nyumbu. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja na robo. Walipokuwa wengi walikula nyasi, nyasi zikapungua, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miti ikaanza kurudi mahali ilipokuwa imetoweka. Sotoka yenyewe ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011.

Mimi naona hadithi hii ingefundishwa katika kila shule. Maana Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro mwaka 1959, na tangu mwaka 2022 wengine wamekuwa wakihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Sitaki kuingia hapa katika ubishi wa nani alikubali na nani hakukubali. Hilo lina mazungumzo yake. Ila anayesema kwamba wingi wa nyumbu umeletwa na kuwaondoa wafugaji peke yake, huyo amesahau sindano. Afya ya ng'ombe wa mfugaji nje ya mpaka ndiyo iliyojaza uwanda ndani ya mpaka.

Sasa twende kusini, tuone hifadhi inayomgusa hata yule ambaye hajawahi kumwona simba. Hifadhi ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964 na imepewa jina la mto. Mto Ruaha Mkuu hupokea maji ya vijito vya nyanda za juu za Mbeya na Njombe, ukaingia katika bonde la Usangu, ukatuama kwenye kinamasi cha Ihefu, ukapita hifadhini, kisha ukaenda kujaza bwawa la Mtera na baadaye Kidatu. Yaani maji anayokunywa kiboko wa Ruaha leo, kesho yanazungusha mashine ya umeme. Mwaka 1993 mto huo, ambao haukuwa na kawaida ya kukauka, ulisimama ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Na tangu hapo umekuwa ukisimama karibu kila mwaka, kwa wiki kadhaa au miezi. Viboko wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi ya matope, samaki wakafa.

Nani alaumiwe? Mjini, taa zilipozimika kwa mgao, jibu lililosikika haraka lilikuwa wafugaji. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na ng'ombe wao, wengi wakaelekezwa mikoa ya kusini, na mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali namba 28, eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Ruaha ikapita kilomita za mraba 20,000, ikawa kubwa kuliko zote wakati ule. Hata hivyo wataalamu wa maji walikwisha kueleza kwamba sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ilikuwa ikichepushwa juu zaidi, katika mifereji ya mashamba ya mpunga. Mifereji hiyo haikufungwa hata pale ambapo shamba halikuwa na haja ya maji. Ng'ombe hanywi mto. Mpunga ndio unaunywa, na mpunga huo ndio wali wetu wa Mbeya tunaousifu sokoni. Baada ya tangazo lile, mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaendelea kwa zaidi ya miaka kumi, watu wakiishi pasipo kujua kama nyumba zao zimo ndani au nje.

Hapa ndipo naona ugumu wa kweli, na sipendi kuurahisisha. Bila Ihefu, hakuna mto wa kiangazi. Bila mpunga, familia za Usangu zinakula nini? Nasi tunaokula wali, tena chini ya taa ya umeme, tumo katika shauri hili pande zote mbili.

Kilimanjaro nayo ina fundisho la maji, ila watu hulisoma kinyume. Theluji ile tunayoiona kwenye chupa za maji imepungua mno: zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha, na iliyobaki inahesabiwa miongo. Wengi hudhani barafu ikiisha Moshi itakauka. Ukweli ni kwamba maji ya mifereji ya Wachaga hutoka zaidi katika mkanda wa msitu, ambako mvua ni nyingi na ukungu hunaswa na majani na magome yenye kuvu na ndevu za miti. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1973 ilianzia juu, yapata meta 2,700. Msitu uliokuwa chini yake uliongezwa mwaka 2005. Kwa hiyo moto kama ule wa Oktoba 2020, uliounguza vichaka vya juu ya msitu kwa siku nyingi, ni hasara kubwa kwa mkulima kuliko barafu inayoyeyuka, ingawa barafu ndiyo inayopigwa picha.

Udzungwa ni jambo la pekee. Ilitangazwa mwaka 1992, na msitu wake unapanda bila kukatika kutoka bonde la Kilombero, meta 250 hivi kutoka usawa wa bahari, hadi zaidi ya meta 2,500. Ni msitu wa kale sana, uliobaki kama kisiwa wakati nchi jirani zilipokauka, na ndiyo maana una viumbe wasio na ndugu kwingine. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa wamepiga kambi katika milima hiyo waliona ndani ya sufuria ya mchuzi miguu ya ndege wasiyemfahamu. Akawa ni aina mpya ya kwale. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu nyani kipunji, aliyeonekana huko Udzungwa na katika milima ya Rungwe. Magazeti yakaandika kwamba amegunduliwa. Sasa mtu aniambie: wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake, na ni kwa kufuata jina hilo watafiti walimfikia. Kipunji hakuwa amepotea.

Vijiji vilivyo chini ya Udzungwa, kama Mang'ula na Sanje, viliruhusiwa kwa miaka mingi kuingia kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Msitu umepumua, hilo halina shaka. Lakini mama aliyekuwa akibeba mzigo mmoja kwa wiki sasa anunue mkaa, na mkaa nao hutoka katika msitu mwingine ambao hauna askari.

Nyingine nitazipitia mbio. Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ina kilomita za mraba 50 na kidogo tu, lakini ndiko Jane Goodall alikofika Julai 1960 akaona sokwe akichokoa mchwa kwa unyasi. Mama huyo alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, na kazi ya utafiti pale inaendelea. Mahale, kusini yake, ina sokwe wengi zaidi na haina barabara ndani. Katavi ina viboko wa kutisha. Saadani inagusa bahari. Tarangire ina tembo na mibuyu, lakini masika yakianza nyumbu na pundamilia wake hutoka kwenda kuzaa katika tambarare za Simanjiro, ardhi ya vijiji. Mwenye kijiji akiamua kulima shamba pale, hakuna askari wa hifadhi wa kumzuia.

Kuhusu fedha, hifadhi chache za kaskazini, Kilimanjaro na Serengeti zikiongoza, ndizo zinazozilisha nyingine nyingi. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege, tuliona hatari ya kutegemea mgeni wa mbali. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni, na bado wengi wetu hatuendi. Najua gari ndilo kikwazo. Kiingilio ni nafuu, gari la kukodi si nafuu. Lakini basi la Iringa linapita katikati ya Mikumi kwa yapata kilomita 50, na treni ya TAZARA inakatiza Hifadhi ya Nyerere. Abiria wengi huwa wamelala.

Kwa wale wasiopenda simba, iko Kitulo, juu ya Mbeya na Makete, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kilichosababisha ilindwe ni chakula: viazi vya maua yake ya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa kitoweo kiitwacho chikanda. Maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani wakati wa mvua, msimu ambao hifadhi nyingine huwa hazina wageni. Ukitokea Chimala utapanda mlima kwa barabara yenye kona hamsini na saba, na ndivyo inavyoitwa, Hamsini na Saba. Huko juu ni baridi kali. Mwenye kwenda achukue koti.